Namna ya kuandaa maonyesho mchanganyiko kwenye jumba la sanaa la jamii

Maswali huwa ni yaleyale. Picha itundikwe juu kiasi gani? Ukuta mmoja ubebe kazi ngapi? Nani akae mbele, na nani akae kule kwenye korido ya kwenda chooni? Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa funguo za ukumbi wa jamii na kuambiwa "tuandalie maonyesho", huku wanaoleta kazi wakiwa wa kila aina: mchoraji wa rangi za mafuta, mpiga picha, mfinyanzi, mama anayefuma, darasa zima la watoto, na kijana mwenye video ya dakika saba kwenye flashi.

Maonyesho ya msanii mmoja yana sauti moja, hivyo yanajipanga nusu yenyewe. Mchanganyiko haujipangi. Usijaribu kuzifanya kazi zote zifanane, maana hazitafanana. Unachotafuta ni kila kazi ionekane vizuri na asiwepo msanii atakayeondoka akijua kwamba aliwekwa pale ili kuziba pengo. Karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Futi ya kupimia, penseli laini, kifutio na pima maji
- Nyundo, drili yenye biti za ukuta wa tofali na za mbao, na bisibisi
- Skurubu, kulabu, na vile vishikizo vya plastiki vinavyoingizwa kwenye tundu kabla ya skurubu
- Ngazi imara, na mtu wa pili wa kuishika
- Waya wa kutundikia picha na vipete vya kufunga nyuma ya fremu
- Tepu ya karatasi ya wapaka rangi, ile inayobanduka bila kung'oa rangi ya ukuta
- Mablanketi au vipande vya povu vya kuegemezea kazi sakafuni
- Glavu safi za pamba au za mpira mwembamba
- Daftari la mapokezi, na simu yenye kamera
- Ndoo ndogo ya rangi ileile ya ukuta, ya kuzibia matundu mwishoni

Muda: jipe wiki kumi hadi kumi na mbili tangu siku ya kutangaza mpaka siku ya ufunguzi. Kutundika kwenyewe ni kazi ya siku mbili au tatu tu. Kinachokula wiki ni kusubiri watu.

Hatua ya 1: Pima ukumbi

Chora ramani ya ukumbi kwenye karatasi. Andika urefu wa kila ukuta, kisha onyesha milango, madirisha, swichi, soketi na kizimamoto. Kizimamoto na mlango wa dharura havizibwi, hata kwa picha nzuri kuliko zote.

Gonga kuta kwa vidole. Mlio mzito ni tofali au zege. Mlio wa uwazi ni ubao au jasi, na hapo kuna ukomo wa uzito. Pita ukumbini asubuhi na tena jioni uone jua linapiga wapi. Ukuta unaopigwa na jua usiuwekee rangi za maji, nguo wala picha za karatasi.

Sasa uwezo. Kanuni yangu ni kwamba kazi zichukue nusu ya upana wa ukuta na nusu ibaki tupu. Ukuta wa sm 600 unabeba kazi zenye jumla ya upana wa sm 300. Watakuambia unapoteza nafasi. Waache waseme.

Hatua ya 2: Toa mwito wenye masharti

Tangazo linalosema "leteni kazi zenu" litakuletea kila kitu pamoja na lawama. Andika ukubwa na uzito wa juu unaoupokea, tarehe ya kuleta, tarehe ya kuja kuchukua, nani analipia usafiri, ukumbi utachukua asilimia ngapi kazi ikiuzwa, na kama kuna bima au hakuna. Kama hakuna, sema hakuna, kwa herufi zilezile za maneno mengine.

Dai kwamba kila picha ije ikiwa tayari kutundikwa, yaani iwe na vipete na waya nyuma. Na iwe imekauka kweli. Rangi ya mafuta iliyopakwa nene hukauka juu juu huku ndani ikibaki mbichi kwa miezi, na picha ya namna hiyo ikiegemezwa kwenye nyingine zitaachana kwa majonzi.

Omba ruhusa ya maandishi ya kutumia picha za kazi kwenye mabango na mitandao. Mwenye hakimiliki kwa kawaida ni msanii, na hubaki yeye hata kazi ikishauzwa. Mnunuzi amenunua kitu chenyewe, si haki ya kuchapa nakala zake. Kazi za watoto zitiwe sahihi na mzazi au mlezi, na kwenye lebo weka jina la kwanza na umri tu.

Hatua ya 3: Chagua

Kupanga ni kuchagua, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. Wanapokea kila kazi ili wasimuudhi mtu, kisha wanawaudhi wote kwa kuwabananisha.

Tafuta mada iliyo pana lakini yenye mipaka. "Maji" ni mada nzuri: inaingia picha ya mto, chungu, kitambaa cha buluu, hata video ya bomba linalovuja. "Uzuri wa maisha" haimzuii mtu yeyote, kwa hiyo haikusaidii kuchagua. Unda kamati ya watu watatu au watano ili kura zisilingane, na mjumbe aliyeleta kazi yake atoke nje inapojadiliwa.

Unapokataa, andika mistari mitatu: asante, safari hii hatutaitumia, mwito ujao ni lini. Usitoe somo la uchoraji ambalo mtu hakuliomba.

Hatua ya 4: Pokea kwa maandishi

Kila kazi inapoingia mlangoni, andika kwenye daftari: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, nyenzo, vipimo, bei au "haiuzwi". Vipimo huandikwa kimo kwanza, kisha upana, kisha kina kama kipo. Piga picha mbele, nyuma na pembe zote nne. Mkwaruzo wowote uandike mbele ya mwenyewe, kisha mtie sahihi wote wawili na kila mmoja abaki na nakala.

Mikono iwe safi. Beba kazi moja kwa wakati mmoja, mkono mmoja chini na mwingine ubavuni. Usiishike fremu kwa ubao wa juu. Ukiziegemeza ukutani, anza na kubwa, na zitazamane uso kwa uso, mgongo kwa mgongo, ili kulabu ya moja isitoboe turubai (kitambaa kilichochorwa) ya jirani.

Angalizo: plastiki ya mapovu isiguse uso wa mchoro moja kwa moja. Mapovu huacha alama za duara kwenye rangi, hasa kukiwa na joto. Tanguliza karatasi laini isiyo na asidi, kisha plastiki, mapovu yakiangalia nje.

Hatua ya 5: Panga sakafuni

Nyundo ibaki kwenye boksi. Tandika mablanketi na usimamishe kila kazi chini ya ukuta unaoufikiria. Hatua hii ichukue siku nzima ikibidi, maana sakafuni unaweza kubadili mawazo bila kuacha matundu.

Anza na ukuta unaoonekana kutoka mlangoni. Kazi inayokaa hapo si lazima iwe kubwa kuliko zote, wala ya msanii mwenye jina. Iwe ile inayomvuta mtu avuke kizingiti. Jaribu: toka nje, ingia kama mgeni, uone jicho lako limetua wapi kwanza.

Kisha shughulikia kazi zenye kelele. Picha ya rangi kali ikiwekwa karibu na mchoro wa penseli, penseli inakufa. Mchoro wa penseli mpe ukuta wake mfupi ambapo mtu analazimika kusogea. Kazi ndogondogo zikusanye ziwe kundi moja lenye umbo la mstatili, nafasi za katikati zikiwa sawa, zitasomeka kama kazi moja kubwa.

Usipange kwa aina, picha za kamera huku, vyungu kule, vitambaa pembeni. Hiyo ni bohari. Tafuta kinachounganisha kazi mbili za watu wasiojuana: rangi moja ya udongo, mstari unaopanda kuelekea upande uleule, uso unaotazama kulia ukakutana na dirisha lililochorwa na mtu mwingine. Uso unaotazama pembeni uelekeze ndani ya ukumbi. Ukitazama mlango, wageni nao watautazama.

Halafu haki. Kila ukumbi una kuta mbaya: nyuma ya mlango, kwenye korido, chini ya kiyoyozi. Usimpe mtu mmoja ukuta mbaya kwa kazi zake zote. Msanii mwenye kazi mbili apate mahali pazuri kwa moja na pa kawaida kwa nyingine, na mwenye kazi moja asiangukie korido. Wewe mwandaaji, kama una kazi yako humo, anza nayo kuipeleka kwenye korido. Hapo watu watakuamini. Kazi za watoto nazo ziwe katikati ya za watu wazima, si kwenye kona yao ya huruma.

Ukimaliza, piga picha kila ukuta kwa simu, funga mlango, nenda kalale. Asubuhi utaona mwenyewe ni kipi kimekaa vibaya.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya urefu na nafasi

Swali la urefu limewagombanisha watu tangu zamani. Mwaka 1784 mchoraji Mwingereza Thomas Gainsborough aliondoa picha zake zote kwenye maonyesho ya Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, kwa sababu hawakukubali kuitundika moja kwa urefu alioutaka, na hakuonyesha tena pale mpaka anakufa. Wewe epuka ugomvi kwa kuwa na namba moja inayomhusu kila mtu.

Namba hiyo ni sm 150 kutoka sakafuni hadi katikati ya picha. Majumba mengi ya sanaa hutumia kati ya sm 145 na 155. Si juu ya picha, si chini yake, ni katikati. Kwa hiyo picha kubwa na ndogo zitakuwa na vichwa visivyolingana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kupata mahali pa kulabu:

sm 150 + nusu ya kimo cha picha − umbali kutoka juu ya fremu hadi waya ukiwa umevutwa

Mfano: picha ina kimo cha sm 80. Nusu yake ni 40. Vuta waya kwa kidole kuelekea juu kana kwamba imetundikwa, upime kutoka hapo hadi ukingo wa juu wa fremu: tuseme sm 10. 150 + 40 − 10 = 180. Kulabu inakaa sm 180 kutoka sakafuni. Kosa la kawaida ni kupima waya ukiwa umelegea, na picha yote inashuka.

Nafasi kati ya picha: toa jumla ya upana wa kazi kwenye upana wa ukuta, kisha gawa kwa idadi ya kazi ukiongeza moja. Ukuta wa sm 600, kazi nne zenye jumla ya sm 300: zinabaki 300, gawa kwa 5, kila nafasi ni sm 60. Hesabu ikishatoka, jicho lina ruhusa ya kuisahihisha kidogo. Picha yenye rangi nzito huomba hewa zaidi.

Hatua ya 7: Toboa na utundike

Bandika tepu ya karatasi mahali pa tundu, weka alama juu yake, toboa katikati ya alama. Tepu inazuia plasta kumeguka na alama za penseli hazibaki ukutani. Chunguza kwanza nyaya za umeme: mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, basi usitoboe juu wala chini yake.

Tumia kulabu mbili kwa kila picha badala ya moja, hasa ikizidi upana wa sm 60. Haitazunguka kila mlango unapofungwa. Kulabu ziwe na uwezo wa kubeba mara mbili ya uzito halisi. Pima maji iwekwe juu ya fremu, si kwenye kioo.

Hatua ya 8: Visivyotundikwa, na vile vinavyotundikwa kwa namna yake

Sanamu na vyungu vikae kwenye stendi za sm 90 hadi 110, kutegemea kimo cha kitu chenyewe. Weka mfuko wa mchanga ndani ya stendi iliyo tupu ili isipinduke, na ushikize chungu kwa nta maalumu inayobandukika. Stendi isikae nyuma ya mtu anayerudi kinyumenyume kuitazama picha kubwa. Kila anayetazama picha kubwa hurudi kinyumenyume. Njia zisiwe chini ya sm 90. Sm 120 ni bora, ili kiti cha magurudumu kipite bila mtu kuomba radhi.

Nguo na vitambaa havipigiliwi misumari. Shona mfereji wa kitambaa nyuma, ukingo wa juu, upitishe fimbo, kisha tundika fimbo.

Video: iwe kwenye kifaa chenyewe, isitegemee intaneti, ijirudie yenyewe, na iwe na vipokea sauti vya masikioni. Sauti ya video moja ikiachiwa ukumbini, kila picha itaonekana kana kwamba inaimba wimbo huo. Weka na kiti.

Hatua ya 9: Taa

Elekeza taa ishuke kwa pembe ya nyuzi kama 30 kutoka wima. Ukiilaza zaidi, kichwa cha mtazamaji kitatia kivuli kwenye picha. Ukiisimamisha sana, fremu itatia kivuli chake.

Mwanga huchakaza, na uchakavu wake hujumlika. Haupumziki usiku ukarudi upya. Kazi za karatasi, rangi za maji, nguo na picha za rangi za kamera zipewe takribani luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika kwenye kazi). Rangi za mafuta na akriliki huvumilia luksi 200. Programu za simu za kupima mwanga si sahihi sana, ila zinatosha kukuonyesha ukuta uliozidi. Chagua balbu za LED zenye alama ya uhalisi wa rangi (CRI) ya 90 au zaidi. Chini ya balbu duni, nyekundu hugeuka kahawia na msanii anadhani ni wewe.

Hatua ya 10: Lebo

Jina la msanii, jina la kazi, mwaka, nyenzo, vipimo, bei. Basi. Kama ni chapa yenye nakala, andika na namba yake: 3/20 maana yake ni ya tatu kati ya ishirini. Maelezo, kama yapo, yasipite maneno 70, na msanii ayasome kabla hayajachapwa. Majina yakaguliwe na wenyewe. Jina lililokosewa ndilo kosa pekee ambalo mgeni wa heshima ataliona kabla yako.

Herufi zisipungue ukubwa wa 18, nyeusi kwenye nyeupe. Lebo zote ziwe upande uleule wa kazi na urefu uleule, kama sm 130 kutoka sakafuni, ili aliyeketi na aliyesimama wasome wote.

Hatua ya 11: Siku za maonyesho

Siku ya ufunguzi, hotuba ziwe mbili, fupi, na majina ya wasanii wote yasomwe. Kazi iliyouzwa ibandikwe kidoti chekundu kwenye lebo, lakini ibaki ukutani hadi siku ya mwisho. Mnunuzi aambiwe hivyo kabla ya kulipa. Kila asubuhi zunguka ukumbi mzima na pima maji mkononi. Angalia na unyevu: kati ya asilimia 40 na 60, usiorukaruka, ni salama kwa kazi nyingi.

Siku ya kushusha, tumia daftari lilelile na picha zilezile za mapokezi. Kagua, sahihi, kabidhi.

Mambo yakienda mrama

*Picha inainama kila siku.* Ongeza kulabu ya pili, au bandika vipande vidogo vya mpira kwenye pembe za chini nyuma ya fremu.

*Plasta inameguka na skurubu inacheza.* Usijaze karatasi tunduni. Sogea sm chache, toboa upya kwa biti ndogo, na uzibe tundu la zamani baadaye. Fremu italificha.

*Kioo kinaakisi dirisha.* Iinamishe picha kidogo mbele kwa kuongeza kipande cha mpira nyuma, juu. Isipokubali, ibadilishane mahali na turubai isiyo na kioo.

*Karatasi imefanya mawimbi ndani ya fremu.* Huo ni unyevu. Itoe kwenye ukuta wa nje, uipeleke ukuta wa ndani, na umwarifu msanii. Usiifungue mwenyewe.

*Msanii ameleta kazi kubwa kuliko aliyosajili.* Masharti yako unayo. Mpe uchaguzi: ile aliyosajili, au asubiri mwito ujao. Ukimbeba mmoja, wote watakuja na nyongeza.

*Kazi imeharibika mikononi mwako.* Usiguse, usifute, usigundishe. Piga picha, okota vipande vyote uvihifadhi pamoja, na mpigie msanii siku hiyohiyo kabla hajasikia kwa mwingine.

*Wageni wanagusa.* Kamba na mabango ya "usiguse" husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kuweka kitu kimoja kinachoruhusiwa kuguswa: kipande cha udongo uliochomwa, kitambaa cha sampuli.

*Msanii anadai amepewa mahali pabaya.* Sikiliza, umwonyeshe ramani ya ukumbi na jinsi kuta mbaya zilivyogawanywa. Kama ana hoja, hamisha kabla ya ufunguzi. Baada ya ufunguzi hakuna kinachohama.

*Maonyesho yameisha na msanii haji kuchukua kazi zake.* Masharti ya mwanzo yaseme ukumbi utazitunza siku ngapi baada ya kushusha na nini kitafuata. Mkumbushe kwa maandishi, ukitaja tarehe. Wakati huo kazi ikae imefungwa, imesimama wima, mbali na sakafu yenye maji, ikiwa na jina lake nyuma.